Ndugu ni Nani, Mwenyekiti?

Nimestaafu. Wenzangu vijana mliobaki kazini mliniomba niwaandikie machache ya kuwasaidia, na najua mlitarajia ukurasa mmoja wa vidokezo. Poleni. Mimi ni mtu wa maneno mengi niliyelipwa miaka yote kuandika machache, na sasa hakuna mwenyekiti wa kunikatiza.

Kazi yangu ilikuwa ukatibu wa bodi za skuli huku magharibi mwa London. Ukimwambia mtu hivyo anaitikia kwa heshima, kisha anakuuliza habari za hali ya hewa. Mama yangu, Mungu amrehemu, alifariki akiamini kwamba nafundisha. Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, kila skuli ya serikali hapa ina bodi ya watu wa kawaida: wazazi, majirani, wastaafu wenye ujuzi wao, wote wamejitolea. Bodi ndiyo inayomwajiri mwalimu mkuu na kumuuliza maswali asiyoyapenda. Katibu hapigi kura na hatakiwi kuwa na maoni. Anaandika, na akiulizwa sheria inasemaje, anajibu.

Niliipenda kazi hii kwa sababu mimi ni mdadisi tangu utotoni. Kwetu Pemba wengine wanauita umbea. Lakini hebu fikirini, unakaribishwa kwenye chumba ambamo watu wazima wanaamua mambo ya watoto wa wenzao, unazitazama nyuso zao, na juu ya hayo unapewa kalamu. Mmbea gani angekataa?

Niliingia kwa bahati. Nilikuwa karani wa ofisini katika skuli ya msingi ya Hounslow, kazi ya kupokea simu na kutafuta makoti yaliyopotea. Jioni moja katibu wa bodi aliumwa, na mwalimu mkuu akanishika mkono ukumbini. "Wewe unaandika haraka," akasema. Nikaingia. Niliandika kila kitu, mpaka nani alikohoa na nani alichukua biskuti ya mwisho. Nilijaza karatasi hata mkono ukaniuma, na nilitoka mle nikijiona shujaa.

Kazi yangu hiyo ilipelekwa kwa Bwana Jayant, katibu mzee aliyekuwa akiwasimamia makatibu wapya. Alizaliwa Mwanza, akakulia nyuma ya duka la baba yake, na wakati huo alikuwa akiishi Stanmore kwenye nyumba yenye bustani iliyopangwa vizuri kuliko kikao chochote nilichowahi kuandika. Aliniita kwake, mkewe akaniletea chai na chevda, ule mchanganyiko wa dengu na karanga wa Kihindi, naye akachukua penseli akaanza kukata. Alikata mstari baada ya mstari mpaka nikahisi nakatwa mimi.

"Mama, hii ni barua ya mapenzi au ni muhtasari?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha Mwanza, kisichokuwa na haraka. "Watu waliamua nini? Nani anafanya? Lini? Basi. Hayo mengine kamsimulie mumeo."

Kwake nilijifunza mambo ninayowapeni nyinyi bila malipo. Fika kabla ya wajumbe uangalie kama chumba kina joto, kwa sababu watu wenye baridi hukubali chochote ili waende nyumbani. Mwenyekiti aketi pale anapoiona saa, na mtu mwenye maneno mengi aketi pale asipoweza kumwona mwenyekiti machoni. Na daima weka kiti ukumbini, nje ya mlango. Kiti hicho ni cha mjumbe mwenye mgongano wa maslahi, yaani yule ambaye jambo linalojadiliwa linamgusa yeye au mtu wake. Sheria inamtaka aseme, kisha atoke.

"Akitoka, hakikisha katoka kweli," Bwana Jayant alikuwa akiniambia. "Funga mlango. Wako wanaotoka miguu, masikio yanabaki ndani."

Baadaye sheria zikabadilika. Serikali ikaruhusu skuli zitoke mikononi mwa halmashauri za mitaa ziendeshwe na bodi zao wenyewe, zikipokea fedha moja kwa moja kutoka juu. Wakaziita akademi. Wazazi nao wakaruhusiwa kuanzisha skuli mpya pale walipoona haja. Siku za halmashauri, mtu akitaka kumpa shemeji yake kandarasi ya kupaka rangi, ilibidi apite kwenye madawati ya watu wengi wenye roho mbaya. Sasa madawati yale yalikuwa hayapo. Kilichobaki kati ya shemeji na ile rangi ni dhamiri ya wajumbe, kanuni za serikali na katibu mwenye kalamu. Ndiyo maana kanuni za maslahi zikakazwa. Kila mjumbe atangaze biashara zake na jamaa zake wa karibu, na matangazo hayo yawekwe kwenye tovuti ya skuli, kila mtu ayaone.

Hapo ndipo udadisi wangu ulipopata chakula. Kanuni zilieleza jamaa wa karibu ni nani: mume, mke, mzazi, mtoto, kaka, dada, mtu mnayeishi naye kama mke na mume. Niliisoma orodha ile ndani ya basi nikacheka peke yangu, mpaka mwanamke aliyekaa pembeni akahamisha mkoba wake. Nilikuwa nikijiuliza aliyeiandika angefanya nini kwenye arusi moja ya kwetu.

Jibu nililipata mapema. Nilipewa skuli mpya ya sekondari, iliyoanzishwa na wazazi kati ya Hayes na Hounslow. Wajumbe walikuwa saba. Mwenyekiti alikuwa Bi Margaret, Mwingereza, mkunga mstaafu, mwanamke wa haki na mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Alikuwapo Bwana Graham, mpima majengo mstaafu, mpole, mpenda maswali. Alikuwapo Mchungaji Bahati, mtu wa Bukavu, siku za wiki akifanya kazi ghalani Hayes na Jumapili akihubiri. Alikuwapo Haroub, fundi wa ndege pale uwanjani, mtu wa Wete kama mimi. Watatu waliobaki walikuwa wazazi, mmoja wao mama wa Kisomali asiyeogopa mtu.

Kikao chao cha kwanza cha maana kilikuwa cha kuchagua mpishi wa skuli. Aliyeongoza kati ya walioomba ni Mama Neema, Mkongo anayepikia sherehe mitaa yote ile. Bi Margaret akasoma swali kama wanavyolisoma wenyeviti wote, harakaharaka bila kuinua macho, kama matangazo ya mkanda ndani ya ndege: kuna mwenye maslahi yoyote?

Mchungaji Bahati akainua mkono. "Mama Neema ni mama mudogo kwangu."

"Mdogo wa mama yako?" akauliza Bi Margaret.

"Hapana, ni wa kijiji kimoja na bibi yangu. Lakini kwetu hakuna cousin, hakuna sijui nini. Ni mama mudogo." Akachukua koti lake akatoka.

Mama wa Kisomali akasema mtoto wa Neema hulala kwake kila Jumamosi, kwa hiyo ni mwanawe, akatoka. Wazazi wawili wengine walikuwa kanisa moja na Neema, wanaitana dada, wakatoka. Nikamtazama Haroub nikidhani yeye atabaki. Akakuna kidevu. "Mimi alinipikia arusi yangu," akasema. "Mtu ukishakula pilau yake siku ya arusi yako, huyo si mtu baki." Naye akatoka.

Tulibaki Bi Margaret, Bwana Graham, mimi na birika. Kiti changu kimoja cha ukumbini kilikuwa kimezidiwa, na tukawasikia huko nje wakicheka na kupigana mabega. Bwana Graham akauliza kwa upole, "Wameenda wapi wote?" Akidi ilikuwa imevunjika, kikao kikaahirishwa, na watoto wakala mkate na jibini mpaka mwezi uliofuata. Nilipompigia Bwana Jayant simu kumsimulia, alicheka mpaka mkewe akaichukua simu aulize kama kuna msiba.

Ilinibidi nikae nao kuwaeleza kwamba sheria ina ndugu zake na sisi tuna ndugu zetu. Wakaelewa. Mama Neema akapata kazi kwa kura halali, na skuli ikanukia vitunguu kuanzia saa nne asubuhi. Lakini mimi sikutulia. Nilitaka kujua, kama orodha ya sheria si ile ya kwetu, basi ipi kati ya hizo mbili inamlinda mtoto? Nilikuwa nikiwauliza makatibu wenzangu swali hilo kwenye mafunzo, wakati wa chai. Wengi walijibu kwa kutafuta maziwa.

Sasa nifike kwenye kikao ambacho bado nakifikiria.

Miaka michache baadaye mwalimu mkuu wa kwanza aliondoka ghafla kwa maradhi. Naibu wake, Mwalimu Salma, akakaimu. Mnaoijua skuli ile mnajua mwaka ule ulikuwaje. Walimu walikuwa wakiondoka, wakaguzi walikuwa mlangoni, paa la ukumbi wa michezo lilivuja. Salma aliishika skuli kwa mikono miwili. Asubuhi alisimama getini na mwavuli akiwaita watoto kwa majina, na watoto wa kwetu waliozaliwa hapa, wale wanaosemeshwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, yeye pekee walimwamkia "Shikamoo, Mwalimu" kabla hawajafika getini, wakicheka. Mwisho wa mwaka kazi ikatangazwa rasmi. Waliobaki kwenye usaili ni wawili: Salma, na Bwana Simon, naibu wa skuli moja yenye sifa upande wa pili wa jiji.

Salma aliitaka kazi ile waziwazi. Hakujifanya. Aliniambia kwenye ngazi, "Bi Zuhura, nisipoipata sitaweza kubaki hapa. Siwezi kurudi kiti cha nyuma kwenye gari niliyoisukuma mwenyewe." Mimi sikutakiwa kuwa na maoni. Nilikuwa nayo, na yalikuwa upande wake.

Jumapili ya kabla ya usaili Haroub alinipigia simu akaniomba nipite kwake. Nilimkuta jikoni, mkewe katoka, chai iko tayari.

"Dada Zuhura, unajua kuhusu mimi na Salma," akasema.

Nilijua. Wapemba wa Hounslow wote wanajua. Mama yake Salma alifariki wiki alipomzaa. Bi Mize, mama yake Haroub na jirani yao pale Wete, alikuwa na Haroub kifuani, akamchukua na yule mtoto wa kike akawanyonyesha wote wawili. Kwetu Waislamu hilo halina mjadala. Waliochangia ziwa ni ndugu, hawawezi kuoana, na Salma akimkuta Haroub nyumbani hajifuniki kichwa kwa sababu ni kaka yake. Nilikuwa nimeshampigia mwanasheria wa bodi, nikimuuliza kama suala la nadharia tu. Alitafuta, akasema kwenye sheria ya hapa hilo halimo, na akaniuliza kwa hamu kama nina kitabu cha kumpa.

"Nitoke ama nisitoke?" Haroub aliniuliza.

"Sheria inakuruhusu kubaki," nikamjibu. Huo ndio ukweli, na moyo wangu ulikuwa ukiomba asiulize zaidi. Nilishahesabu kichwani. Akibaki, Salma anapata. Akitoka, sijui.

"Nikibaki, wewe utaniona vipi?"

"Nitakuona mtu aliyefuata sheria."

Akacheka kidogo. "Hayo ni matusi, dada."

Tukanywa chai. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Bi Mize alipohamia huku na watoto wake, Salma alibaki kwa bibi yake. Bi Mize akaiomba serikali ya hapa imruhusu amlete kama mwanawe. Wakamjibu kwamba kati yake na mtoto huyo hakuna uhusiano. Akaomba tena, wakamjibu vilevile. Salma alikuja mwenyewe baadaye sana, mtu mzima, kwa masomo yake, na kila foleni aliyopanga aliandikwa kuwa hana jamaa nchini.

"Sasa," akasema Haroub, "mwenyekiti atauliza, kuna mwenye jamaa hapa? Nikikaa kimya nimesema hana. Nimesema kama walivyosema wao. Nimkane dada yangu ili nimpe kazi? Hiyo kazi ataifanyia nini?"

Nilimwambia tu kwamba akitoka, huenda Salma akakosa, na kwamba nitaumia. Akasema, "Na mimi je?"

Kikao kilikuwa Alhamisi alasiri, kabla ya usaili. Bi Margaret akasoma swali lake haraka kama kawaida yake, na Haroub akasimama.

"Mwenyekiti, Bi Salma ni dada yangu."

Bi Margaret alizifunua karatasi zake, akatazama majina ya ukoo, akatazama tena. "Dada wa kambo?"

"Wa hasa. Mama yangu ndiye aliyemnyonyesha."

Wakaanza kuuliza, na nawasifu, waliuliza kama watu wanaotaka kujua. Bwana Graham akataka kujua kama mtoto akinyonya mara moja tu inatosha. Haroub akamweleza kwamba hapana, iwe mara kadhaa za kushiba, na kwamba wanazuoni wana maneno yao kuhusu idadi. Bi Margaret, aliyezalisha nusu ya mtaa ule, akasema taratibu kwamba wodini kwake wanawake walikuwa wakinyonyesheana watoto mara nyingi, na kwamba hakuwahi kuwaza kuwa alikuwa akitazama ukoo ukitengenezwa. Mama wa Kisomali akasema, "Kwetu hili hata mtoto wa miaka saba anajua." Mchungaji Bahati akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri ya mwenzake.

Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, sheria?"

"Sheria haimlazimishi kutoka," nikasema.

"Basi tuandike kwamba ni rafiki wa familia," akasema Bi Margaret. Alikuwa akimtafutia njia, kwa wema. "Rafiki wa familia anaweza kubaki."

Haroub akanitazama. "Andika dada."

Nikaandika dada. Akachukua kofia yake akatoka, nami nikafunga mlango.

Wasailiwa wote wawili waliingia kwa zamu yao na wote walifanya vizuri. Salma alizungumza kuhusu watoto kwa majina. Bwana Simon alizungumza kuhusu mipango, kwa ufasaha, na hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Hilo liliniudhi zaidi. Mjadala ulikuwa mrefu. Mchungaji, mama wa Kisomali na mzazi mmoja walimtaka Salma. Bi Margaret, Bwana Graham na mzazi mwingine walimtaka Simon, kwa hoja kwamba skuli ilihitaji damu mpya. Kura zikalingana. Kanuni zinampa mwenyekiti kura ya pili, na Bi Margaret akaitumia vilevile alivyotumia ya kwanza.

Nikaenda kumwita Haroub. Alikuwa amesimama dirishani akitazama watoto wakisubiri basi. Akaingia, akaambiwa matokeo kama mjumbe mwingine yeyote, akasema asante mwenyekiti. Ajenda iliyofuata ilikuwa paa la ukumbi wa michezo. Akalizungumzia paa vizuri sana, mabati na mifereji, na wote wakamsikiliza. Nilienda nyumbani nikalia huku nikikaanga samaki, mume wangu akadhani ni vitunguu.

Salma alikasirika, na hasira zake zilimwendea Haroub. "Nani alimwomba?" aliniambia. "Alikuwa na mdomo wa kufunga tu. Kufunga mdomo tu, Bi Zuhura!" Akaacha kwenda kwa Haroub. Kwa Bi Mize alikwenda siku ambazo alijua Haroub yuko zamu. Mwisho wa muhula akaondoka, akapata unaibu kwenye skuli nyingine, mbali, treni mbili.

Kilichofuata nakiandika kwa sababu ndicho kitakachowafaa kazini. Bwana Simon alipoanza, skuli ilifanya siku ya kumkaribisha. Binti yake mdogo akamwona Bwana Graham kwenye umati, akamkimbilia akamrukia shingoni. Nikiwa mimi ni mimi, nikamuuliza mama yake wanajuana vipi. "Ah, Graham ndiye baba yake wa ubatizo," akasema, bila wasiwasi wowote.

Nilimtazama tu Bwana Graham, naye akaona namtazama. Baada ya siku chache alikuja ofisini, uso umempauka. Alikaa, akavua miwani.

"Sikuwahi kufikiria," akasema. "Niliulizwa kama nina jamaa. Nikatafuta kichwani, sikuona jamaa. Alipokuwa akieleza yale mambo ya maziwa, nilikuwa nauliza maswali kama mtalii."

Nilimwamini na ninamwamini mpaka leo. Hakuficha, hakuona. Kanuni hazimtaji baba wa ubatizo kama zisivyomtaja ndugu wa ziwa, na yeye kanuni zile zilikuwa zimekaa mwilini mwake kama koti la kushonewa. Uteuzi ulikuwa umeshapita na hakuna sheria iliyovunjwa. Lakini aliomba mwenyewe tangazo lake liandikwe, akalisoma mbele ya wote, na Bi Margaret akawa mwekundu akaomba maji.

Tangu hapo niliacha kuridhika na swali la jamaa. Niliwaomba wenyeviti wangu wote waulize hivi, polepole, kwenye kila ajenda yenye uamuzi: nani atakupigia simu uamuzi huu ukienda vibaya? Waulizeni hivyo. Mtaona watu wanavyosita, wanavyotazama dari, wanavyocheka kisha wakaacha kucheka. Wako waliotaja majirani, makocha wa mpira, mwanamke wa saluni. Wengi hawakulazimika kutoka. Lakini wote walibaki ndani wakijua wamebaki na nani kifuani. Kama kuna kitu nimekiongeza kwenye kazi hii ni swali hilo, na sikulibuni kwa akili. Nilifundishwa na watu wawili, mmoja aliyetoka na mmoja aliyebaki.

Salma alinipigia simu baada ya muda. Akataka kujua Haroub alisema nini khasa siku ile, neno kwa neno. Nikamwambia mijadala ya usaili ni siri, lakini matangazo ya maslahi yako kwenye tovuti ya skuli, kila mtu anaweza kuyasoma. Akakata simu bila kuaga.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwa Bi Mize, Hounslow, nimempelekea dawa zake. Haroub alikuwapo, anamtengenezea redio. Mlango ukafunguliwa, akaingia Salma, amelowa mvua. Hakumtazama Haroub. Akaketi kwenye zulia karibu na miguu ya Bi Mize, akavua mtandio, akatoa karatasi aliyoichapisha, akamsomea kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kwamba mjumbe Haroub alitangaza kuwa mwombaji kazi ni dada yake, akatoka nje ya kikao. Alipofika kwenye neno dada akalirudia.

"Mama," akasema, "wameandika. Iko kwenye karatasi zao wenyewe."

Bi Mize hasikii vizuri siku hizi, na mambo ya bodi hajawahi kuyaelewa. Akatutazama mmoja mmoja.

"Kwani walikuwa hawajui?" akauliza.

"Walikuwa hawajui, mama," akajibu Salma.

"Haya, sasa wanajua," akasema Bi Mize. "Mmiminie kaka yako chai."

Haroub alikuwa bado ameinamia ile redio. Salma akainuka, akachukua birika.